Gari la Tramu la Njia ya St. Charles

Katika mji wa New Orleans, ulio kusini ya Marekani kando ya mto Mississippi, iko njia ya reli isiyokwenda mbali. Huanza katikati ya mji, penye maduka na nyumba za wageni, hufuata barabara iitwayo St. Charles, kisha hukata kona karibu na ukingo wa mto, na kuishia penye njia panda moja isiyo na ajabu yo yote. Urefu wake ni kilometa 10 na nusu hivi, na mtu mwenye miguu hodari aweza kuitembea kwa saa mbili. Wala magari yake hayana haraka. Walakini watu wa mji ule huipenda sana, kwa maana ilifunguliwa mwaka 1835, nayo huhesabiwa kuwa ndiyo njia ya tramu iliyotumika muda mrefu kuliko zote duniani.

Tramu ni gari la abiria lipitalo juu ya reli zilizolazwa mjini. Halivuti mabehewa mengi kama gari la moshi. Huenda peke yake, nalo husimama mara kwa mara ili watu wapande na kushuka. Magari ya njia ya St. Charles yamepakwa rangi ya kijani, na ndani yake viti ni vya mbao, na vishikio vya viti ni vya shaba. Viti hivyo vina jambo moja ambalo mgeni halitambui upesi: mgongo wa kiti waweza kusukumwa ukaegemea upande wa pili, hata aliyekuwa akitazama mbele akatazama nyuma. Sababu yake itaonekana baadaye.

Jumamosi moja asubuhi mzee mmoja, mtu mweusi, mzaliwa wa mji ule, alisimama karibu na barabara ya Canal pamoja na mjukuu wake. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 10. Alikuwa amekuja kutoka Chicago kuwazuru jamaa zake wakati wa likizo, naye hakupata kupanda tramu maisha yake yote. Gari lilipofika, mtoto aliruka ndani, akakimbilia kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva. Dereva alikuwa mama mmoja mweusi, mwenye kofia na miwani. Mzee akalipa nauli ya watu wawili, akamwamkia yule mama, kisha akapita taratibu kati ya viti mpaka nyuma kabisa, akaketi.

Mtoto akaita, "Babu, huku mbele kuna nafasi!"

Mzee akajibu, "Naiona. Keti wewe. Mimi napenda hapa."

Mtoto alikaa peke yake kidogo tu, kisha akarudi nyuma kwa babu yake, uso umenuna. "Babu, kwa nini umependa kukaa nyuma, na huku mbele tungemwona dereva?"

"Nitakuambia tukifika mwisho wa njia," mzee akasema. "Kwanza tazama hapo nyuma yako."

Mtoto akageuka. Akaona ya kuwa pale nyuma ya gari palikuwa na mitambo ile ile aliyoiona mbele kwa dereva, isipokuwa hapakuwa na mtu. Akastaajabu, akauliza gari hilo lina madereva wangapi. Mzee akacheka, asijibu.

Kengele ikalia, gari likaondoka kwa kunguruma.

Huenda wewe usomaye utapenda kujua nguvu ya gari hilo yatoka wapi, kwani halina moshi wala halinywi petroli. Juu ya barabara umetandazwa waya wa umeme. Katika paa la gari ni mti mrefu wa chuma, na kwenye ncha yake ni kigurudumu kidogo kinachogusa waya huo toka chini. Umeme hushuka katika mti ule, hupita kwenye mashine zilizo chini ya sakafu na kuzungusha magurudumu, kisha hurudi kwa njia ya reli zenyewe. Dereva hana usukani, kwa kuwa reli ndizo zinazoliongoza gari. Mkono wake wa kushoto hushika mpini wa kuongeza na kupunguza umeme, na mkono wa kulia hushika breki ya hewa. Reli zikilowa mvua na magurudumu yakateleza, humwaga mchanga kidogo juu ya reli, kama vile mpishi anyunyizavyo chumvi, nayo magurudumu hushika tena.

Zamani haikuwa hivyo. Gari lilipokuwa likipita kati ya majumba marefu, mzee alimsimulia mjukuu wake habari ambazo yeye naye aliambiwa utotoni. Njia hii ilipofunguliwa, mahali inapoishia leo palikuwa kijiji cha peke yake kiitwacho Carrollton, na katikati palikuwa mashamba. Carrollton kilitiwa ndani ya mji mwaka 1874 tu. Hapo mwanzo magari yalivutwa na mashine za mvuke, lakini wenye nyumba za kando ya njia walichukizwa na moshi na makelele, basi wakaletwa farasi na nyumbu. Nyumbu huvumilia joto kuliko farasi, na joto la New Orleans ni kali, lenye unyevu kama la pwani. Katika miaka ya 1870 watu walijaribu maarifa mengine. Bwana mmoja, jina lake Emile Lamm, alitengeneza mashine isiyo na moto ndani yake. Ilijazwa maji ya moto sana na mvuke kituoni, ikaenda kwa nguvu ya joto lile mpaka lilipopungua. Yalikuwa maarifa ya ajabu, lakini hayakudumu. Tarehe 1 Februari 1893 magari ya umeme yakaanza kupita, na umeme ukabaki hata leo.

"Na gari hili tulilopanda," mtoto akauliza, "ni la mwaka gani?"

"Lilijengwa mwaka 1923 au 1924, katika kiwanda cha Perley Thomas, huko High Point, North Carolina. Mimi sijazaliwa, wala mama yangu hajaolewa. Unalijua basi la shule la rangi ya manjano unalopanda huko kwenu? Kiwanda hicho hicho, biashara ya tramu ilipokufa, kiligeuka kikatengeneza mabasi ya shule. Labda ulishapanda ndugu yake gari hili, usijue."

Jambo hilo lilimpendeza mtoto kuliko yote aliyoambiwa mpaka hapo.

Gari likazunguka mahali pa mviringo penye nguzo ndefu. Juu ya nguzo ile ilisimama sanamu ya Robert E. Lee, jemadari wa majimbo yaliyopigana ili utumwa usiondolewe. Iliwekwa mwaka 1884, ikaondolewa Mei 2017. Tangu mwaka 2022 mahali pale paitwa Harmony Circle. Mzee alitazama juu kidogo, akatazama tena chini. Hakusema neno mpaka gari lilipokwisha kupita.

Mbele ya hapo barabara hubadilika. Miti mikubwa ya mialoni imesimama pande zote mbili, matawi yake yamekutana juu, hata mtu aona kana kwamba yumo ndani ya pango la majani. Reli zimelazwa katikati, juu ya majani mabichi, na motokaa hupita kando. Katika matawi zinaning'inia shanga za rangi nyingi, kwa maana wakati wa sikukuu ya Mardi Gras watu waliopanda magari ya mapambo huzirusha kwa watazamaji, na nyingine hunaswa mitini, zikakaa huko mwaka mzima. Nyumba za huko ni kubwa, zina nguzo na baraza pana. Katika nyumba moja ya namna hiyo, mbele ya barabara ya Napoleon, mama yake mzee alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi muda wa miaka 22.

"Alikuja kwa gari hili?" mtoto akauliza.

"Kwa magari haya haya. Asubuhi akaja, jioni akarudi. Jumamosi alinichukua mimi, nimsaidie kubeba kapu." Mzee akaweka mkono wake juu ya mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yao, akaupitisha polepole kama apanguzaye vumbi. "Hapa, juu ya migongo ya viti, palikuwa na matundu mawili. Katika matundu yale palichomekwa kibao cha mbao, kimeandikwa ya kuwa nyuma ya hapo ni mahali pa abiria weusi. Watu weupe walikaa mbele ya kibao, na sisi nyuma. Wazungu wakizidi, kibao kiling'olewa na kusogezwa nyuma, nasi tuliokaa tukainuka. Mama yangu, baada ya kusimama kutwa penye pasi, mara nyingi alisimama njia nzima, na mbele ya kibao viti ni vitupu. Nilimwuliza kwa nini asiketi. Akanibana mkono, ishara ya kwamba ninyamaze."

Mtoto alitazama mgongo wa kiti, akauliza kama watu walikubali tu.

Hapo mzee akachangamka, kwa kuwa swali hilo alilingojea. Akamwambia ya kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na watumwa wakawekwa huru, magari ya New Orleans yalikuwa yakivutwa na nyumbu, na watu weusi waliruhusiwa kupanda yale tu yenye alama ya nyota. Magari ya nyota yalikuwa machache, na mtu aliweza kungoja sana juani huku mengine yakimpita. Aprili 1867 mtu mmoja, jina lake William Nichols, akaingia katika gari lisilo na nyota, akaketi, asikubali kushuka mpaka alipotolewa kwa nguvu. Siku chache baadaye mwingine, Joseph Guillaume, akapanda gari jingine kama hilo. Walipotaka kumtoa, alizishika hatamu za nyumbu, akaondoka na gari lenyewe.

"Akaliiba gari!" mtoto akasema, akicheka kwa sauti hata abiria wakageuka.

"Aliliendesha tu. Angelipeleka wapi, na reli haziendi kwake?"

Watu wengi walikusanyika barabarani siku zile, na wakubwa wa mji wakaogopa damu isije ikamwagika. Mwezi wa Mei mwaka ule ule magari ya nyota yakakomeshwa, na kila mtu akapanda gari alilolipenda. Hali hiyo ilidumu miaka 35. Kisha mwaka 1902 jimbo la Louisiana likatoa sheria ya kuwatenga watu ndani ya magari ya mjini, na vibao vikaja. Mtu akisoma habari za kale hudhani kwamba mambo huenda yakitengenea siku zote. Katika gari la St. Charles babu alipanda kwa uhuru, na mjukuu wake akapanda nyuma ya kibao.

Wakapita vyuo vikuu viwili, Loyola na Tulane, vilivyojengwa jirani, na ng'ambo ya barabara bustani kubwa ya Audubon. Vijana wengi walishuka hapo na mikoba yao. Gari likabaki na nafasi, upepo ukaingia madirishani, na mzee akasinzia kidogo. Mtoto akahesabu viti: abiria 52 wangeweza kuketi. Kisha gari likakaribia mto, ila mto wenyewe haukuonekana, kwa sababu ukingo wa udongo umeinuliwa kuuzuia, nao ni mrefu kuliko nyumba ndogo. Hapo reli zinapinda, na magurudumu yalilia kwa sauti kali hata mzee akaamka.

"Tumeingia Carrollton," akasema. "Upande ule, katika mtaa wa Willow, ndiko magari yanakolala."

Akaeleza habari ya banda lile. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iliyoitwa Katrina ilipiga New Orleans. Kingo zilizozuia maji zikabomoka, na sehemu nane katika kila kumi za mji zikafunikwa na maji. Miaka mingi kabla ya hapo njia nyingine zote za tramu zilikuwa zimeondolewa, mabasi yakawekwa mahali pake. Ya mwisho kuondolewa ilikuwa ile ya barabara ya Canal, mwaka 1964, ikabaki hii ya St. Charles peke yake. Mwaka 2004 reli za Canal zilikuwa zimerudishwa, pamoja na magari mapya mekundu, mazuri, yenye mashine za kupoza hewa. Tufani ilipokuja, magari mekundu yalikuwa katika banda lililo mahali pa chini, maji yakayafunika na kuyaharibu. Haya ya kijani, yenye umri wa miaka 80 na zaidi, yalikuwa huku Carrollton, katika ardhi ya juu iliyojengwa na matope ya mto tangu zamani, na maji hayakuyafikia.

Lakini katika njia yao wenyewe nyaya zilikatika na miti ilianguka juu ya nguzo, basi magari ya kijani yakapelekwa kufanya kazi katika barabara ya Canal, badala ya mekundu yaliyoharibika. Mzee alikumbuka jinsi watu wa mtaani kwake, ambao hawakuwa na nyumba tena, walivyosimama kando ya njia kuyaangalia tu yakipita, bila kutaka kwenda mahali po pote. Njia ya St. Charles ilirudishwa kipande kwa kipande: Novemba 2007 mpaka barabara ya Napoleon, Desemba mpaka kona ya mto, na Juni 2008 mpaka mwisho.

Na mwisho wenyewe sasa ulikuwa umefika. Gari lilisimama penye njia panda ya barabara ya Claiborne. Hapakuwa na stesheni wala jengo. Reli zilikatika tu.

"Umesema utaniambia," mtoto akasema.

Mzee akaanza. Alikuwa na umri wa miaka 10, sawa na mjukuu wake. Mchungaji Abraham Lincoln Davis na wenzake walikuwa wamepeleka shauri mahakamani juu ya vibao, na mwaka 1957 hakimu akaamua ya kuwa kuwatenga watu ndani ya magari si halali. Mashauri yakaendelea mwaka mwingine, na siku ambayo vibao viliondolewa ilikuwa tarehe 31 Mei 1958. Ilikuwa Jumamosi. Mama yake alimchukua kama kawaida, na kapu lao. Walipopanda, mama alisimama kidogo penye mlango, akatazama migongo ya viti kimoja kimoja, kama mtu atafutaye kitu alichokiweka. Kisha akaenda mbele kabisa, akaketi nyuma ya dereva, akampakata mwanawe ingawa alikuwa mkubwa. Mzungu mmoja aliyekuwa karibu akainuka, akaenda kusimama mlangoni. Mama hakumtazama. Moyo wake ulikuwa ukipiga kwa nguvu hata mtoto aliusikia mgongoni kwake.

"Tulifika penye nyumba aliyofanya kazi. Nikamwambia, 'Mama, tumefika.' Hakuondoka. Gari likaenda. Nikamwambia tena, 'Mama, tumepita.' Akasema, 'Najua.' Basi tukaja mpaka hapa hapa. Wala yeye hakupata kufika hapa kabla ya siku ile, maana hakuwa na neno la kumleta. Siku ile alichelewa kazini saa nzima, na mshahara wake ukakatwa."

"Kisha ikawaje?"

"Tazama," mzee akasema.

Yule mama dereva alikuwa ameinuka. Akaung'oa mpini wake wa umeme, akauchukua mkononi, akaja kati ya viti, na kila alipopita alisukuma mgongo wa kiti: pa, pa, pa, upande huu na upande huu, na kila kiti kikageuka kutazama kule alikokwenda. Mtoto akainuka ili kiti chao nacho kigeuzwe. Dereva akashuka nje, akaushusha mti wa chuma uliokuwa ukigusa waya, akaufunga, na katika upande mwingine wa paa akauinua wa pili. Kisha akapanda, akauchomeka mpini wake katika mitambo ile ambayo mtoto aliiona asubuhi, isiyo na mtu. Gari halikugeuka, lilibaki pale pale juu ya reli zake. Lakini mbele ilikuwa nyuma, na nyuma ilikuwa mbele.

"Mama yangu alipoona hivi," mzee akasema, "alikuwa amekaa kile kiti kule mwisho, akajiona yuko nyuma tena. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sikupata kumwona akicheka hivyo kabla ya siku ile. Kisha akachukua kapu lake, akanishika mkono, akatembea gari zima mpaka upande huu, akaketi mbele mara ya pili."

Abiria wengine walikuwa wakipanda. Mzee akaenda kulipa nauli ya kurudi, kisha akaja akaketi katika kiti kile kile walichokalia tangu asubuhi. Mtoto akasogea karibu naye upande wa dirisha. Mbele yao alikuwa mgongo wa dereva tu, na kioo, na reli mbili zikienda chini ya miti. Yule mama akakanyaga kengele mara mbili.